Deni la Atanguliaye Mteremkoni

Yupo mtu aijuaye njia, na yupo asiyeijua. Wote wawili ni marafiki, na wote wawili wamesimama juu ya kilima, kila mmoja ameshika baiskeli yake. Chini yao njia inateremka kati ya mawe na mizizi hata mwisho wake hauonekani. Asiyeijua anamgeukia mwenzake na kuuliza, "Hapa pakoje?" Swali ni dogo, na jibu lake lahitaji pumzi moja tu. Lakini ndani ya pumzi hiyo limo suala zito la maadili, nami naomba ruhusa ya walimu wenzangu nilieleze katika kurasa hizi, kwa sababu naamini kwamba kila mwalimu husimama juu ya kilima hicho kila siku ya kazi. Je, aijuaye njia anadaiwa nini na asiyeijua? Anadaiwa kumtia moyo, au kumwambia kweli? Na ikiwa mambo hayo mawili hayapatani, lipi litangulie?

Sitaki kulijadili suala hili hewani. Nitaanza na kisa, na kisa chenyewe hakinipi sifa.

Naishi Rubavu, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, ambao ukivuka mpaka hatua chache tu unajikuta Goma. Hapo Rubavu ndipo ianziapo Njia ya Kongo na Nili, njia ya wendao kwa miguu na kwa baiskeli, iliyoelekea kusini kwa kuufuata ufuko wa ziwa hata Rusizi, mwendo wa km 227. Jina lake limetokana na safu ya milima iliyo mashariki yake. Mvua inyeshayo upande wa magharibi wa safu hiyo huingia Ziwa Kivu, kisha Mto Ruzizi, kisha Ziwa Tanganyika, na mwishowe huifikia bahari ya Atlantiki kwa njia ya Mto Kongo. Na mvua inyeshayo upande wa mashariki hushuka kwa Nyabarongo na Akagera hata Ziwa Viktoria, na kutoka huko huwa maji ya Nili. Rafiki yangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia, alikuwa ameyafundisha mambo hayo ubaoni kwa miaka mingi, asipate hata siku moja kuyapita kwa gurudumu.

Rafiki huyo alizaliwa Bugesera, sehemu iliyo tambarare kwa kadiri nchi yetu iwezavyo kuwa tambarare. Tangu utoto wake alibeba madumu ya maji kwa baiskeli, na alipokuwa kijana alibeba ndizi, magunia na wadogo zake. Kwa hiyo si haki kumwita mgeni wa baiskeli. Alikuwa mgeni wa njia za milimani. Na tofauti hiyo, ambayo mimi niliijua na yeye hakuijua, ndiyo mzizi wa mambo yote yaliyotupata.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuteremka kilima kwa baiskeli, yanipasa nieleze tofauti yenyewe. Katika barabara ya tambarare mtu huketi, akasukuma pedali, akatazama mbele. Katika mteremko mkali haketi. Husimama juu ya pedali zilizolingana, magoti na viwiko vikiwa vimekunjika, akauvuta mwili nyuma ya kiti, akaweka kidole kimoja au viwili juu ya kila breki. Breki ya mbele, ambayo watoto wa vijijini huonywa wasiiguse kwa kuwa eti humpindua mtu, ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kuipunguza kasi, mradi ibanwe kwa upole na mwili uwe nyuma. Breki ya nyuma ikibanwa kwa nguvu peke yake hulifunga gurudumu, na gurudumu lililofungwa huteleza tu, halishiki tena ardhi. Tena kuna jambo la kushangaza zaidi: gurudumu liendalo polepole mno hukwama kwenye jiwe na kumwangusha mtu, ilhali lenye mwendo wa kiasi hulipanda jiwe lilelile na kulivuka. Mambo haya akili huyaelewa kwa dakika tano. Mwili huyaelewa kwa miezi.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wageni waliokuja na kofia ngumu na miwani. Milima ya nchi zetu ilikuwa na waendesha mteremko kabla ya mchezo huu kupewa jina. Tazama vijana wa Goma na chukudu zao za miti ya mkaratusi, wateremkavyo kutoka mashambani na mizigo ya mkaa, viazi na kabeji, goti moja likiwa juu ya ubao. Tazama wabebaji wa ndizi wa Burundi waishukao barabara ya milimani hata Bujumbura, mikungu ikiwa imewazidi wao wenyewe kwa uzito. Na katika mchezo wenyewe, Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, akamaliza, akawa wa 39. Jambo hili basi ni letu, na maadili yake ni yetu kuyatafakari.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2024. Mimi nilikuwa nimezizoea njia za upande wa Rutsiro kwa miaka kadhaa, na nilikuwa nimechoka kwenda peke yangu. Rafiki yangu, kwa upande wake, kila mwaka yalipopita mashindano ya Tour du Rwanda alikuwa akisimama barabarani na wanafunzi wake, na kila mwaka alikuwa akisema kwamba siku moja naye atatoka. Nikamwazimia baiskeli iliyo nzuri kuliko yangu. Jambo hilo nilijisifia moyoni, nikadhani kwamba kwa kumpa chombo bora nimekwisha kumtimizia wajibu wangu. Tukatoka alfajiri. Tulipofika juu ya mteremko wa kwanza ulio mkali akasimama, akatazama chini, akaniuliza lile swali: hapa pakoje?

Nikamjibu, "Ni rahisi, ndugu yangu. Wewe uliyebeba maji Bugesera utashindwa na hapa?"

Kisha nikatangulia.

Mteremko ule hauzidi m 200. Nilipofika chini niligeuka kumtazama, nami nikaona kila kosa ambalo ningeweza kumwonya kabla: ameketi, mikono imekakamaa, macho yako juu ya gurudumu la mbele, na mkono mmoja umebana breki ya nyuma kwa nguvu zote, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa utotoni. Gurudumu la nyuma likaponyoka, baiskeli ikalala, naye akaangukia bega. Nilipomfikia alikuwa ameketi katika vumbi, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na uso wake umebadilika rangi. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Wanawake waliokuwa katika shamba la kahawa lililo karibu walitufikia kabla sijajua la kufanya. Mmoja, mama mtu mzima, alijifungua kitenge chake cha mabegani akamfunga mkono shingoni, huku akimwambia, "Ihangane. Komera." Pikipiki ilipatikana, nasi tukaenda kituo cha afya, yeye akiwa amekaa kati yangu na mwendeshaji, na kila kishimo cha njia nikakisikia katika pumzi yake.

Tulingoja benchini kwa muda mrefu. Nilimwomba radhi kwa maneno mengi, na kwa kadiri nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hanisikilizi. Mwishowe akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, nami natafsiri: "Kuanguka si neno. Ungeniambia kwamba ni pagumu, ningeshuka vilevile. Lakini ningeshuka mwenyewe. Sasa umenishusha wewe."

Maneno hayo sikuyafahamu siku ile. Nilidhani ni uchungu unaosema. Nilikuwa nikilihesabu kosa langu kwa mfupa: laiti mfupa usingevunjika, kosa lisingekuwapo. Ilinichukua muda kuona kwamba hata kama angefika chini salama, akacheka, tukaendelea na safari, bado ningekuwa nimemkosea, na tofauti ingekuwa hii tu, kwamba asingejua.

Natufikiri juu ya neno lenyewe. Sisi walimu wa lugha tunajua kwamba neno "rahisi" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha bei ndogo, na maana hiyo tunayo hata leo sokoni: viazi ni rahisi msimu huu. Kutoka kwenye bei tukalivusha hata kwenye kazi. Kisicho na gharama ya fedha na kisicho na gharama ya jasho vikapewa jina moja. Basi nimwambiapo rafiki yangu kwamba mteremko ni rahisi, namwambia kwamba hautamgharimu kitu. Akishuka salama, hakupata kitu, kwa kuwa ameshinda jambo lisilo na thamani. Akianguka, ameshindwa na kitu ambacho hata mtu asiye na maana angekiweza. Njia zote mbili nimemfunga. Nimemnyang'anya ushindi kabla hajaupata, na aibu nimemwekea akiba.

Linganisha na maneno ya yule mama wa shamba la kahawa. "Komera" maana yake ni kuwa imara, jikaze. "Ihangane" maana yake ni vumilia. Hakuna hata moja kati ya hayo lisemalo kwamba jambo ni jepesi. Mtu haambiwi awe imara mbele ya jambo jepesi. Kiswahili nacho kina "pole", neno ambalo wageni wengi hushindwa kulitafsiri, kwa sababu halimwombi mtu msamaha wala halimwambii kwamba maumivu yake yatakwisha. Linakiri tu kwamba anaumia, na kwamba amwambiaye ameona. Kwa hiyo lugha zetu zimeweka faraja juu ya kukiri ugumu, wala hazikuiweka juu ya kuuficha. Sijui tulijifunza wapi huku kumtia mtu moyo kwa kumdanganya. Yamkini ni katika matangazo ya biashara, ambako kila kitu ni rahisi na kila kitu ni cha haraka. Lakini nisiwatupie wengine mzigo ulio wangu.

Sababu zangu zilikuwa tatu, nami nimezipekua. Ya kwanza ilikuwa wema kweli: sikutaka aogope, maana mwoga hukakamaa, na akakamaaye huanguka. Ya pili ilikuwa tamaa ya kuwa na mwenzi: nilihofu kwamba nikimweleza ukweli atageuza baiskeli arudi nyumbani, nami nibaki peke yangu. Ya tatu ndiyo inayoniaibisha. Mtu akiliita jambo gumu kuwa ni rahisi mbele ya asiyelijua, hujikuza mwenyewe bila kuonekana kwamba anajikuza. Kwa neno moja nilimwambia rafiki yangu: kinachokutisha wewe, kwangu ni mchezo.

Kati ya hizo, ya pili yafaa itazamwe zaidi, kwa sababu ndiyo ijifichayo vizuri. Nikiogopa kwamba kweli itamrudisha mtu nyumbani, basi ndani yangu nimekwisha kujua kwamba anayo haki ya kurudi, na kwamba pengine angeitumia. Kumficha kweli ili asiitumie ni kumwamulia. Na rafiki aliyeamuliwa bila kujua hawi tena mwenzi wa safari, amekuwa mzigo uliopakiwa. Ndiyo maana ya "umenishusha wewe".

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake ya maadili ajulikanayo kwa jina la Nikomako, anavitaja vitu vifananavyo na ushujaa visiwe ushujaa, na mojawapo ni kutojua. Asiyeijua hatari huonekana shujaa kwa sababu hakimbii. Lakini hakimbii kwa kuwa hajaona cha kukikimbia, na akiisha kukiona hutoroka upesi kuliko wengine. Nililisoma jambo hilo zamani chuoni, nikalijibia mtihani, nikalisahau. Leo naliona hivi: aliye juu ya kilima hawezi kuwa shujaa mbele ya kilima alichofichwa. Ushujaa wahitaji kujua. Kwa hiyo nilipomficha rafiki yangu ugumu kwa nia ya kumwongezea moyo, nilikiondoa kitu kile kile ambacho moyo hujengwa nacho.

Msomaji aweza kunipinga. Aweza kusema kwamba vijana walioanzisha mchezo huu hawakuonywa na mtu. Ni kweli kwamba mchezo ulikua katika wilaya ya Marin, California, ambako tangu mwaka 1976 vijana walishindana kushuka mlima mmoja karibu na mji wa Fairfax kwa baiskeli kuukuu nzito, ambazo breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilibana kwa kurudisha pedali nyuma. Katika mshuko mmoja tu grisi ya kitovu iliwaka ikatoka moshi, ikawabidi waifungue na kuipakia grisi upya, na kutokana na kazi hiyo mbio zile zikaitwa Repack. Gary Fisher aliweka rekodi ya dakika 4 na sekunde 22. Bila shaka walianguka, na walichubuka ngozi nyingi. Lakini hebu tuwatazame vizuri. Mlima ule waliujua pinda kwa pinda, wakahesabu sekunde zake, na kila mmoja alimwona mwenzake akichubuka kabla ya zamu yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba ni rahisi. Ingekuwa rahisi wasingekwenda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nilikuja kulijua kwa kukosea mara ya pili. Mtulinga ulipopona, na mganga alipomruhusu kuinua mkono, rafiki yangu alisema anataka kujifunza. Tukatafuta kijiteremko kifupi nyuma ya uwanja wa mpira, chenye mawe machache. Mimi, ambaye dhamiri ilikuwa bado inanichoma, nikaamua kwamba safari hii sitaficha kitu. Nikasimama kando nikapaza sauti: "Jiwe! Mzizi mkono wa kulia! Shimo, shimo!" Akaligonga jiwe, akaupanda mzizi, akaingia shimoni. Akarudia, nami nikazidi kupaza sauti, naye akazidi kuvigonga vyote kana kwamba nimemtuma. Kwa bahati kilikuwa kijiteremko cha kitoto. Sababu yake kila mwendesha baiskeli wa milimani aijua: gurudumu hufuata jicho. Anayelitazama jiwe huliendea. Nami kila nilipolitaja jiwe nilimwelekeza macho hapo.

Basi je, kumbe uongo ulikuwa bora? La hasha. Nilichojifunza ni kwamba kweli ina saa yake na kipimo chake, na kwamba kumwaga kweli yote juu ya mtu aliye katikati ya mteremko ni njia nyingine ya kujitua mzigo wangu juu ya kichwa chake. Nilikuwa nikipaza sauti kwa ajili yangu, ili akianguka nisiwe na la kujibu. Mahali pa kweli ni juu ya kilima, kabla hajaondoka, wakati bado anaweza kukataa. Hapo asimame, ashuke kwa miguu akitaka, ayaone mawe, achague pa kupita. Akiisha kuondoka, neno moja latosha, nalo ni la kumwambia atazame mbele, pale anapotaka kufika.

Walimu wenzangu wamekwisha kuona ninakoelekea. Tangu Kiswahili kilipofanywa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, nimewaambia wanafunzi mara nyingi, tena kwa furaha, kwamba Kiswahili ni rahisi kwao. Nina hoja: Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu, *umuntu* na *abantu* hawako mbali na mtu na watu, mtoto wa Rwanda huingia darasani akiwa na ngeli kichwani ambazo Mzungu huzitolea jasho. Hoja ni ya kweli, na bado jumla yake ni ya uongo. Undugu huo huo wa lugha ni mtego, maana maneno yafananayo hupishana maana, na upatanisho wake hupishana kidogo tu, kiasi cha kumkosesha mtu akiwa ana hakika kwamba amepata. Na L na R, ambazo kwetu husikika kama sauti moja, katika Kiswahili hutenga maneno: kula si kura.

Palikuwa na msichana wa mwaka wa pili wa sekondari ambaye muhula mzima hakufungua kinywa katika somo langu. Katika masomo mengine alikuwa hodari. Nilipomwita na kumwuliza, alitazama chini, akasema: "Mwalimu, ulisema hiki ndicho kilicho rahisi. Kama hiki ndicho rahisi, basi mimi sina akili." Wakati huo rafiki yangu alikuwa bado na mkono wake shingoni. Sikuweza kumjibu mtoto yule papo hapo. Nilimwambia aende, nikabaki na chaki mkononi.

Kesho yake niliwaambia darasa zima kwamba Kiswahili kina mambo magumu, nikayaandika ubaoni, na la kwanza lilikuwa lile linalonishinda mimi mwenyewe hata leo nikiandika kwa haraka. Wakacheka. Msichana yule hakusema kitu siku ile. Alianza kusema wiki ya tatu.

Huenda ikaulizwa: na yule ambaye hataanza kamwe asipopunguziwa hofu? Wapo watu hao, nimewafundisha. Maoni yangu ni kwamba kuna sentensi mbili zisemwazo pamoja: ni vigumu, nawe unaweza. Lakini ya pili nayo sharti iwe kweli, na ili iwe kweli inanipasa nimjue mtu, niwe nimemwona akibana breki, nimemwuliza alifundishwaje. Twasema kuuliza si ujinga, na twalisema daima kumpa moyo asiyejua. Mimi naona kwamba mbele ya mteremko aliyepaswa kuuliza kwanza ni mimi. Swali moja lingetosha: ndugu yangu, wewe hutumia breki ipi? Na ikiwa sijui kama ataweza, basi niseme kwamba sijui, nami nitakuwa chini nikimngojea.

Na huko kungojea nako kuna adabu yake, ambayo wengi wetu tuliozoea njia tunaivunja bila kujua. Aliye na nguvu hufika kwanza juu ya kilima, akaketi, akanywa maji, akaitazama nchi. Mwenzake anapofika, pumzi zikimtoka, aliyefika kwanza husimama na kusema, "Haya, twende." Kwa hiyo mwenye nguvu hupumzika katika kila kilima, na mchovu hapumziki kabisa. Tena huyu mwenye nguvu hujihesabu kuwa mvumilivu, kwa sababu alingoja! Nimefanya hivyo milimani. Darasani nimefanya zaidi: nilipoona wa mwisho amemaliza kuandika sentensi, nilifuta ubao papo hapo, kana kwamba kumaliza kwake ndiyo ishara ya kuondoka.

Kiangazi cha mwaka 2025 rafiki yangu aliomba turudi Rutsiro, mahali pale pale. Ilikuwa kabla ya Septemba, mwezi ambao Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na mji wote ulikuwa ukizungumza baiskeli. Begani, juu ya nguo, kinundu cha mfupa ulipoungana kilionekana, na kitaonekana siku zote. Tulifika juu ya mteremko, akasimama, akaniuliza tena, nadhani kwa makusudi, "Hapa pakoje?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba robo ya kwanza ni udongo mgumu na haina neno. Kwamba katikati kuna mawe yaliyolegea, na hapo ndipo alipoanguka. Kwamba njia nzuri iko kushoto, karibu na ukingo, nayo inatisha kuliko ile mbaya. Kwamba mwaka ule mvua zilikuwa zimechimba mfereji mpya ambao hata mimi sikuupenda. Nikamwuliza kama anataka kushuka kwa miguu kwanza. Akalaza baiskeli, akashuka kwa miguu, taratibu, akayagusa mawe mawili matatu kwa kiatu. Akapanda tena. Alikaa kimya kwa muda, akakishusha kiti cha baiskeli, kisha akakipandisha tena.

"Leo sishuki hapa kwa baiskeli," akasema.

Nikasema vyema. Nilishuka kwanza, naye akaja nyuma kwa miguu, akiikokota baiskeli kupita kando ya lile shamba la kahawa. Chini alikunywa maji, akala ndizi, akajinyosha bega. Sikusimama mpaka yeye aliposimama. Mteremko uliofuata alitangulia yeye.